Kumtegemea Mungu Anapokawia: Namna ya Kuzitambua na Kuziondoa Sanamu za Kila Siku

Ni wachache sana kati yetu watakaosema kwamba wamemwacha Mungu. Jumapili tupo ibadani, zaka tunatoa, kwenye jumuiya tunashika zamu ya kuongoza maombi. Shida yetu ipo pembeni: kuna kitu au mtu tuliyemweka akiba, wa kukimbilia Mungu akikawia. Mwongozo huu unahusu akiba hiyo na namna ya kuachana nayo.

Soma tena Kutoka 32, taratibu. Waisraeli hawakuamka tu asubuhi wakatamani ndama. Mstari wa kwanza unasema waliona Musa amekawia kushuka mlimani. Alikaa huko siku arobaini, habari zake hazijulikani, na wao wako jangwani na watoto. Haruni alipomaliza kuitengeneza ile sanamu hakuwaambia waachane na Mungu aliyewatoa Misri. Alijenga madhabahu mbele ya ndama, kisha akatangaza, "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Ndama aliingizwa ndani ya ibada, kwa jina la BWANA mwenyewe, na bila shaka wengi waliocheza mbele yake walijiona bado wako kwenye imani ya baba zao.

Mfalme Sauli naye aliangukia hapo hapo. Alimngoja Samweli siku saba kule Gilgali, watu wakaanza kutawanyika, Wafilisti wanakaribia, akaamua kutoa sadaka mwenyewe. Sarai alimpa Abramu mjakazi wake kwa sababu mtoto wa ahadi alikuwa hajaja. Ukifuatilia Biblia nzima utaona jambo hili likijirudia: sanamu huzaliwa kwenye kungoja. Kwa hiyo ukitaka kuzitafuta za kwako, anzia hapo.

Hatua ya kwanza: andika unachokingoja

Chukua daftari. Usianze kuorodhesha dhambi, wala vitu unavyovipenda. Wengi wakisikia neno sanamu huanza kuhesabu simu, mpira, nguo na tamthilia, na baada ya dakika tano wanakata tamaa au wanajiona watakatifu. Andika mambo uliyoyaombea muda mrefu na jibu hujaliona. Mtoto, kwa walio kwenye ndoa mwaka wa nane sasa. Ajira, kwa kijana ambaye vyeti vyake vimechakaa ndani ya bahasha ya kaki. Mume, kwa dada ambaye kila akienda harusini shangazi zake wanamuuliza "na wewe lini, mwanangu?" Uponyaji. Kiwanja. Amani na mwenzi wako.

Kando ya kila jambo jibu swali moja: wakati Mungu amekaa kimya, mimi nimeanza kufanya nini?

Majibu mengine yatakuwa mema kabisa. Umeendelea kutuma barua za maombi ya kazi. Umekwenda hospitali ya rufaa. Umejiunga na kikoba. Lakini litakuwepo jibu moja au mawili ambayo mkono wako utasita kuyaandika, kwa sababu usingependa mchungaji, mwenzi wako au mtoto wako ayasome. Hapo weka alama.

Hatua ya pili: fuata hela, kisha fuata usiku

Bwana Yesu alisema hazina yako ilipo ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Siku hizi jambo hilo unaweza kulihakiki kwa ushahidi. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu, ukae nayo mezani na kalamu. Pigia mstari kila pesa iliyokwenda mahali ulipotarajia muujiza.

Nichukue mfano wa kubeti, kwa sababu umeingia hadi kwenye kwaya zetu na tunautazama kwa aibu badala ya kuuzungumza. Kijana anapanga mkeka wa timu kumi na mbili kwa shilingi elfu moja. Elfu moja si kitu, ndivyo anavyojiambia. Lakini tazama kinachotokea baada ya hapo. Mchana kutwa anaingia kwenye simu kuangalia matokeo. Timu kumi na moja zimempa, anaanza kupiga mahesabu ya bodaboda atakayonunua, anamwahidi mama yake bati moyoni mwake. Dakika ya themanini na nane timu ya mwisho inaruhusu bao, mkeka umechanika, na kesho yake anaweka elfu mbili ili arudishe ile elfu. Katika saa hizo chache ameweka tumaini, amesubiri, ameahidi, ameomba kimoyomoyo na ameomboleza. Hiyo ni ibada yenye sehemu zake zote. Kwa uzoefu wangu, kumkemea kijana kama huyo kwamba anapoteza pesa hakusaidii sana, maana anajua. Kinachomgusa ni kuulizwa: yale matumaini ya bati la mama, kwa nini umeyapeleka kule?

Kisha usiku. Ukishtuka saa nane na usingizi umekata, unashika nini kwanza? Kuna anayefungua simu aone salio. Kuna anayeingia mtandaoni kutazama nani amepongeza picha zake. Kuna anayemwandikia mtu ambaye hapaswi kumwandikia. Simu nyingi za kisasa zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umetumia saa ngapi kwenye kila programu. Itazame bila kujitetea.

Hatua ya tatu: tenganisha njia na mungu

Hapa lazima twende kwa uangalifu, kwa sababu watu wameumizwa na mafundisho ya haraka haraka. Martin Luther, akieleza amri ya kwanza katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alisema kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukishikilia, hicho ndicho hasa mungu wako. Angalia hakusema kile unachokitumia. Kutumia si kuabudu.

Dawa ni njia. Kama unatumia ARV, dawa za kisukari au za presha, zimeze kama ulivyoelekezwa na daktari, na yeyote anayekuambia kuziacha ni kipimo cha imani amekosea, hata kama anasema kwa kunena kwa lugha. Mshahara ni njia. Elimu, bima, akiba ya benki, ndugu mwenye uwezo, vyote ni njia ambazo Mungu hutulishia.

Utajuaje njia imekuwa mungu? Mimi hutumia maswali matatu. Je, nikikikosa kitu hiki, nitaona maisha yangu hayana maana, au nitahuzunika tu kama binadamu? Je, nimeanza kuvunja amri nyingine za Mungu ili nikipate au nikilinde? Je, kinanidai zaidi kila mara? Swali la pili ndilo kali kuliko yote. Baba anayependa kazi si tatizo. Baba anayeghushi risiti ili asionekane ameshindwa kazini ameshaanza kumtolea mungu mwingine sadaka. Binti anayetaka harusi nzuri si tatizo, lakini wanaochukua mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kunyonya, ili ukumbi upendeze, kisha wanaanza ndoa wakijificha wadai, wajiulize sherehe ile ilikuwa ya kumpendeza nani.

Watoto ndio mtihani mgumu zaidi, na ninaandika hivi kwa heshima kwa kila mzazi. Mama anayekesha usiku wa kuamkia matokeo ya kidato cha nne anampenda mwanawe. Ila matokeo yanapotoka na mtoto amepata daraja la nne, na mama huyo anashindwa kumtazama usoni kwa wiki nzima, anashindwa kwenda hata kwenye jumuiya kwa aibu, basi kilichoanguka ni zaidi ya mtihani. Ibrahimu alimngoja Isaka miaka mingi, na Mungu alimjaribu kwa huyo huyo aliyemngojea. Mwanao hawezi kubeba uzito wa kuwa tumaini lako lote. Utamvunja mgongo.

Sanamu zinazotoka madhabahuni

Hili sikulipa namba kwa sababu linahusu kila hatua, na kwa maoni yangu ndilo janga kubwa la kanisa la Afrika Mashariki kwa sasa.

Katika Hesabu 21 Mungu mwenyewe alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, na waliomtazama walipona. Kitu kile kilikuwa halali, kilitoka kwa Mungu, na ushuhuda wake ulikuwa wa kweli. Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme 18:4, tunamkuta mfalme Hezekia akimvunja nyoka huyo vipande vipande, kwa sababu Waisraeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Hezekia hakukana muujiza wa jangwani. Alikataa watu kuendelea kuning'inia kwenye shaba wakati Mungu aliyewaponya yu hai.

Sasa tazama dashibodi za magari yetu, tazama chini ya mito yetu. Chupa ya mafuta, maji, stika yenye picha ya mtumishi, kitambaa, chumvi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa mjini Moshi baada ya kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na manusura walieleza jinsi walivyofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sitaki kuwahukumu marehemu. Walikuwa watu wenye njaa ya Mungu, wengi wao wakiwa wanangoja kitu. Lakini lazima tuseme wazi: mtumishi ambaye huwezi kumhoji, ambaye bila yeye unahisi Mungu hakusikii, ameshaketi pasipo pake, hata kama yeye mwenyewe hajataka.

Pima hivi. Ukisahau chupa yako nyumbani na safari ni ya usiku, je, unaogopa? Kama unaogopa, usihubiriwe zaidi. Imwage.

Hatua ya nne: tubu kwa kutaja jina la kitu

Toba ya jumla, "Bwana unisamehe kwa yote niliyokukosea", haitoi sanamu ndani. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, ulijulikana kwa jambo hili: watu walisimama wakasema waziwazi walichokuwa wamekificha, na walioiba wakarudisha. Waliita kutembea nuruni. Si lazima usimame mbele ya kanisa zima, na siku hizi, watu wanaporekodi kila kitu, mimi sishauri. Tafuta mtu mmoja, mzee wa kanisa, mchungaji au rafiki aliyekomaa na asiyetoa siri. Mwambie: "Nimeweka tumaini langu kwenye hiki, tangu wakati fulani, kwa sababu nilichoka kumngoja Mungu katika hili." Ile sehemu ya mwisho usiiruke. Wengi wetu tuna uchungu na Mungu ambao hatujawahi kuutamka, na sanamu imejengwa juu yake.

Mwambie na Mungu hivyo hivyo. Yule baba wa kijana mgonjwa katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumfukuza.

Hatua ya tano: iondoe kwa mikono yako

Yakobo alivizika vinyago vya nyumba yake chini ya mwaloni kule Shekemu. Waefeso katika Matendo 19 walivichoma vitabu vya uchawi mbele ya watu, thamani yake fedha elfu hamsini. Wangeweza kuviuza na kutoa pesa kanisani. Hawakufanya hivyo.

Kama una hirizi, dawa uliyofukia kizingitini, au kamba uliyofungwa kiunoni tangu utoto, usiishughulikie peke yako kwa woga. Mwite mchungaji au wazee waje nyumbani, muombe, mfukue, mchome. Kama ni kubeti, futa programu, iandikie kampuni ikufungie akaunti, na kwa miezi kadhaa acha mtu unayemwamini ajue kila senti yako inakokwenda. Kama ni mkopo wa kujionyesha, uza ulichonunulia kwa mkopo huo na ulipe, hata kama majirani wataona gari limeondoka. Kama ni mtu, futa namba yake, mbele ya yule uliyetubu kwake. Kama ni sifa za mtandaoni, kaa bila kuweka picha kwa Kwaresima nzima uone moyo wako utadai nini.

Kuna sanamu ambazo huwezi kuziondoa peke yako kwa sababu ni za ukoo. Msiba umetokea, ndugu wanataka tambiko, na wewe umepewa nafasi yako kama mtoto wa kwanza wa kiume. Usiende na Biblia mkononi ukiwatukana wazee. Nenda mapema, kabla ya kikao, kwa yule mwenye neno: "Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja mwenyewe ili usisikie kwa wengine. Chakula cha wageni nitachangia, saruji ya kaburi nitanunua, na nitakaa hadi mwisho. Ila kwenye kuomba kwa mizimu sitashiriki, naomba unielewe." Atakasirika, pengine. Lakini ukikaa hadi mwisho kama ulivyoahidi, ukaosha vyombo na kulala kwenye mkeka pamoja na wafiwa, heshima yako kwake itaonekana.

Na kama unaogopa, mkumbuke Gideoni. Mungu alimwambia abomoe madhabahu ya Baali ya baba yake. Aliwaogopa watu wa nyumba ya babaye na wa mjini, akachukua watumishi kumi, akaibomoa usiku. Biblia haimlaumu kwa kuifanya usiku. Asubuhi madhabahu ilikuwa chini.

Hatua ya sita: jaza nafasi iliyoachwa

Bwana Yesu alionya juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa huku ikiwa tupu. Pepo alirudi na wenzake saba. Saa ile ile uliyokuwa unafungua simu kupanga mkeka au kutazama salio, weka kitu kingine, na kiwe kidogo unachoweza kukidumisha.

Napendekeza Zaburi za kungoja kuliko maombi ya kuamuru. Zaburi 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome kwa sauti, chumbani, hata kwa machozi. Zaburi 27 inamalizika, "Umngoje BWANA, uwe hodari, upige moyo konde, naam, umngoje BWANA." Shika Zaburi moja kwa mwezi mzima. Usikose meza ya Bwana, kwa sababu pale unapokea bila kulipia. Na toa kwa siri: mpelekee jirani mwenye shida unga na mafuta ya kupikia, bila picha, bila kumwambia mtu. Ukifanya hivyo mara kwa mara pesa inaanza kulegeza mkono wake kooni mwako.

Halafu jifunze sala ya wale vijana watatu wa Babeli. Walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Rudi kwenye daftari lako la hatua ya kwanza. Kila jambo unalolingoja, liombee kwa sehemu zote mbili: Bwana, naamini unaweza kunipa mtoto, bali kama si hivyo, sitakwenda kwa mganga, wala sitamtesa mke wangu. Bwana, waweza kunipa kazi. Bali kama si hivyo, sitatoa rushwa. Itamke hadi sehemu ya pili isikukwame kooni. Hii inachukua muda, na hakuna njia ya mkato.

Hatua ya mwisho: jihadhari siku utakapopokea

Gideoni yule yule, baada ya ushindi, alikusanya pete za nyara, shekeli 1,700 za dhahabu, akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, na kuiweka mjini kwake Ofra. Pengine aliitaka iwe ukumbusho wa ushindi. Israeli wote wakaiendea kwa ibada, ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Alishinda sanamu ya baba yake akajenga ya kwake kutokana na baraka.

Kwa hiyo amua sasa, kabla jibu halijaja, utafanya nini likija. Hana alifanya hivyo. Aliahidi akiwa bado anadhihakiwa kwa utasa, na Samweli alipoachishwa kunyonya alimpeleka Shilo. Andika kwenye lile daftari: mshahara wa kwanza utagawanywa vipi, na nani ataambiwa kiasi. Mtoto akija, kwenye ubatizo wake mtasema nini, na mtakubali awe nani hata kama si daktari. Nyumba ikiisha, chumba kipi ni cha wageni. Ukiolewa, siku ipi ya juma utaendelea kwenda kuwaona wajane uliokuwa unawatembelea ulipokuwa peke yako. Weka tarehe, mwonyeshe yule uliyetubu kwake, mwombe akukumbushe siku hiyo ikifika, hata ukimkasirikia.